Fizikia ya mashine rahisi niliyoisomea kwenye lori

Shule ya msingi tuliimbishwa sana habari za nyenzo, daraja la kwanza egemeo katikati, la pili mzigo katikati, la tatu jitihada katikati, mtihani ukaja tukajibu na ikaishia hapo. Hiyo kitu nilikuja kuielewa nikiwa utingo njia ya Dar kwenda Tunduma, baadae nikakaa gereji ya magari makubwa, na hata sa hivi ambapo nashika usukani mwenyewe bado naitumia kila siku. Naandika haya maana nawaona vijana wanaoingia hii kazi wana misuli kweli kweli ila baada ya muda mfupi tu mtu anatembea ameshika kiuno, na ukimuuliza kilichomuumiza unakuta kilikuwa na njia nyepesi pale pale na vifaa alikuwa navyo ndani ya gari.

Jambo lenyewe ni moja tu na yote ntakayosema yanatoka humo. Mashine haikupi nguvu ya bure, inakubadilishia. Unataka kutumia nguvu ndogo? Sawa, utalipa kwa kwenda umbali mrefu zaidi. Nguvu uliyotumia ukiizidisha na umbali uliosukuma au kuvuta unapata kazi, na kazi ya kupandisha mzigo fulani mpaka kimo fulani haipungui hata ufanyeje, tena inaongezeka kidogo kwa sababu msuguano nao unachukua chake njiani. Ukilishika hili, kifaa chochote kipya ukikutana nacho unajiuliza swali moja tu, hapa umbali nalipia wapi.

Tuanze na nati za tairi maana ndo mahali vijana wengi wanapoumia kwanza. Nati za lori kubwa zinakazwa kwenye newtoni mita 600 hivi, kuna gari zinazidi hapo. Newtoni mita ni nguvu mara urefu wa mkono unaozungushia, na kwa hesabu za kazini chukua kilo moja ni newtoni 10. Sasa una whili spana ya mkono wa nusu mita, mtu wa kilo 70 akisimama nchani kabisa anatoa newtoni 700 mara nusu mita, hiyo ni 350. Nati imekazwa 600, na kutu hatujaihesabu. Ndo unamkuta kijana anarukaruka juu ya spana, spana inachomoka, anatua na ugoko kwenye rimu. Nimeona mtu ameshonwa mguu kwa mtindo huo.

Dereva wangu wa kwanza alikuwa mzee mtaratibu sana. Siku ya pancha yangu ya kwanza, maeneo ya Mikumi, nilikuwa nimeshapanda juu ya spana akaniita,

"Shuka mwanangu. Kachukue bomba nyuma ya siti."

"Mzee mbona kama inakaribia kulegea hii."

"Haijakaribia popote. Lete bomba."

Nikaleta, nikalivalisha kwenye mkono wa spana, urefu wote ukawa kama mita moja na nusu. Akanisimamisha upande wa kuvuta kuja juu, miguu imetanuka, mgongo umenyooka, akasema vuta taratibu usishtue. Nati ikatoa ule mlio mkavu ikaachia. Akaniuliza umetumia nguvu sana? Nikasema hapana mzee, kidogo tu. Akasema angalia sasa, mkono wako umetoka wapi mpaka wapi? Ulikuwa umetoka usawa wa goti mpaka kifuani, na nati yenyewe ilikuwa imegeuka kiasi cha nusu ya kona moja tu ya zile kona zake sita. Hesabu yake ni nyepesi, 600 gawanya kwa mita moja na nusu unapata newtoni 400, kilo 40 za kuvuta, mtu yeyote mzima anazo hizo. Nguvu ilipungua mara tatu na mkono ukatembea mara tatu zaidi, basi.

Ila bomba hilo hilo usilitumie kukazia kwa hasira. Mita moja na nusu ukilala nalo na kilo zako 70 unafika newtoni mita 1,050, stadi, ile bolti inayoshika nati, inavutika ndani kwa ndani huioni, inakuja kukatika siku nyingine ukiwa mwendoni. Kukaza, mkono wa mita moja na kilo 60 ulizoegemeza taratibu inakupa 600 yako safi. Halafu ukitembea kilomita 50 mpaka 100 simama ukaze tena maana rimu inakuwa imejikalia. Na kuna malori ya zamani nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, angalia kabla hujavalisha bomba, maana ukikosea upande unazidi kukaza kitu ambacho ulitaka kukifungua.

Siku hizi kuna zile spana za gia, kile kibuyu cha chuma chenye kimkono cha kuzungusha. Nyingi zimeandikwa 1:58. Maana yake unazungusha kimkono raundi 58 ili nati izunguke raundi moja, na kwa upande mwingine nguvu ya kuzungusha inakuzwa karibu mara 58, toa kidogo kwa ajili ya msuguano wa gia za ndani. Nati ya 600 unaifungua kwa mkono mmoja umesimama wima. Kuna watu wanailalamikia eti inachelewesha. Inachelewesha ndio, ila ndo bei yenyewe hiyo, hauwezi kupunguziwa nguvu mara 58 halafu utake na mwendo ubaki ule ule.

Hapo hapo kwenye tairi kuna mtaimbo. Tairi la lori na rimu yake linazidi kilo 100, na kulirudisha unatakiwa kulinyanyua sentimita chache tu ili matundu yakae sawa na stadi. Watu wawili wanalikumbatia wanalinyanyua kwa mgongo, hii ni kazi ya hovyo kabisa. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, ncha yake iguse ardhi kwa upande wa pili, tairi likae sentimita 10 kutoka nchani, wewe shika mwisho mita 1.2 huko. Mzigo uko katikati, daraja la pili ile tuliyoimba. Mita 1.2 kwa sentimita 10 ni mara 12, tairi la kilo 110 linageuka kuwa kilo 9 na kitu mkononi mwako. Mkono wako unapanda sentimita 36 tairi linapanda 3, na 3 ndo ulizokuwa unazitaka.

Jeki sasa. Jeki ya chupa nadhani ndo kifaa kinachoheshimiwa kidogo kuliko kinavyostahili. Ndani kuna pistoni mbili, ndogo unayoipampu na kubwa inayonyanyua gari, katikati kuna oili. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi 1623 mpaka 1662, ndiye aliyeweka wazi kwamba kimiminika kilichofungiwa ukikikandamiza sehemu moja, mgandamizo ule unafika kila mahali sawa sawa. Kwa hiyo kama pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimita 1 na kubwa ina 5, eneo la kubwa ni mara 25 ya ndogo, sio mara 5, maana eneo linaenda kwa kipenyo mara kipenyo. Nguvu inakua mara 25. Halafu kuna mkono wa kupampia ambao nao ni nyenzo, tuseme urefu sentimita 60 na pistoni ndogo iko sentimita 3 kutoka kwenye egemeo, hiyo mara 20. Ishirini mara 25 ni 500. Unaweka newtoni 200, yani kilo 20 tu za mkono, juu inatoka newtoni laki moja, tani 10. Nilivyopigiwa hii hesabu mara ya kwanza na fundi mmoja gereji nilirudia mwenyewe kwa chaki sakafuni maana sikuamini kwamba kitu cha kubeba mkononi kinafanya hivyo. Na umbali? Mkono ukishuka sentimita 50 gari linapanda milimita moja. Ndo maana unapampu mpaka bega linawaka.

Sasa kwa kuwa nguvu zote zile zinasimama kwenye kitako cha jeki chenye upana wa kiganja, fikiria ardhi ya pembeni ya barabara, mchanga au udongo wa mvua. Tani 5 kwenye kitako cha sentimita 12 kwa 12 ni kilo 35 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba, udongo hauhimili hiyo, jeki inazama au inalala upande. Weka kipande cha ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 30 chini yake, eneo linakuwa mara 8 zaidi na mgandamizo unashuka mara 8. Uzito haujapungua hata kilo. Ubao wa namna hiyo nimekuwa nao kwenye kila gari nililopanda na nikimkuta utingo hana namkatia.

Halafu tafadhali sana, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kinachobeba gari pale ni oili iliyozuiwa na sili ya mpira na kivalvu kidogo ndani yake, sili ikichoka oili inapita na hakuna kinachopiga kelele kukuonya. Jeki ya skrubu ina tofauti, ile mikato ya skrubu ni mteremko mrefu uliozungushwa kwenye nondo, mteremko wenyewe ni mdogo sana kiasi kwamba msuguano unauzuia mzigo kuirudisha, skrubu haizunguki yenyewe kirahisi. Pamoja na hivyo, iwe ya oili au ya skrubu, ukishanyanyua ingiza stendi au magogo mapana chini ya ekseli (ule mhimili unaoshika tairi), shusha gari likae juu yake, ndo uingie.

Nije kwenye mapipa maana hapa ndo nilipopenda hii fizikia kabisa. Pipa la oili la lita 200 lina karibu kilo 195 ukijumlisha na chuma chake. Bodi ya gari tuseme iko mita 1.2 kutoka chini. Kwa kawaida wanaitwa watu wanne, wanashika, moja mbili tatu, na hapo lazima mmoja atazidiwa upande wake. Njia ya kwanza ni mbao. Ukiweka mbao mbili ngumu za mita 3.6 kutoka chini mpaka kwenye bodi, umbali wa mbao ni mara tatu ya kimo, basi unasukuma theluthi ya uzito, kilo 65, na kwa kuwa pipa linabingirika msuguano ni mdogo sana. Watu wawili wanalipandisha bila shida. Ubaya ni kwamba wanaosukuma wako chini ya pipa. Mkono ukiteleza linarudi nao.

Njia ya pili nilionyeshwa na makuli wazoefu, na tangu siku ile sijawahi kurudi kwenye ya kwanza. Chukua kamba mbili, funga ncha ya kila moja juu kwenye bodi, zishushe kwenye mbao, zipitishe chini ya pipa, moja huku na nyingine huku, zizungukie pipa kwa nje zirudi juu. Wewe unasimama juu ya bodi unavuta. Pipa linakuja likibingirika lenyewe ndani ya kamba. Nini kimetokea? Pipa limegeuka kuwa kapi, tena lile kapi linalotembea na mzigo. Kila kamba ina upande mmoja umefungwa kwenye gari na upande mwingine uko mkononi mwako, kwa hiyo gari lenyewe linabeba nusu na wewe nusu. Zile kilo 65 zinakuwa 32 na nusu, ukigawa kwa watu wawili kila mmoja anavuta kilo 16 na kidogo, uzito wa ndoo ya maji.

Hebu tuipige hesabu yote. Kulinyanyua moja kwa moja, kilo 195 mara mita 1.2 ni 234. Kwa mbao, kilo 65 mara mita 3.6 ni 234. Kwa mbao na kamba, pipa linapanda mita 3.6 ila kamba unayovuta ni mara mbili yake, mita 7.2, na kilo 32.5 mara 7.2 ni 234 tena. Ile ile. Niliifanya hii hesabu usiku nimekaa kwenye kabini na kalamu nikaiangalia muda mrefu, maana shuleni tulikariri fomula ya kazi na hakuna aliyewahi kutuonyesha namba inarudi pale pale kwa njia tatu tofauti. Na faida nyingine ambayo namba haziionyeshi, hakuna mtu anayesimama chini. Kamba ikikatika pipa linaenda na maisha ya mtu yanabaki.

Kushusha nako kuna kwake. Mzigo mzito kama jenereta la kilo 400 kwenye mbao hizo hizo, linataka kushuka kwa nguvu ya kama kilo 130 hivi hata kabla hujalisukuma, japo likikaa kwenye sledi, yani fremu ya mbao ya kuburuzia, msuguano unakusaidia kupunguza. Usishike kamba mkononi moja kwa moja, itakuunguza viganja na itakuvuta. Zungusha kamba kwenye nguzo ya chuma ya bodi. Msuguano wa kamba kwenye nguzo una tabia ya ajabu, haujumlishwi, unazidishwa. Kwa msuguano wa kawaida wa 0.3, raundi moja kamili inapunguza nguvu unayotakiwa kushika mara 6 na kidogo, raundi mbili mara 40 na zaidi. Zile kilo 130 zinakuwa 3. Mabaharia wa boti za Zanzibar wakifika gatini wanafanya hicho hicho, mtu mmoja na kamba anaishika boti nzima kwa kuizungusha kwenye kile chuma cha gatini. Cha kuangalia ni raundi zisipandane, zikipandana kamba inajibana na hauwezi kuachia kidogo kidogo tena, na kidole kisiwe karibu na nguzo kabisa.

Kupanga mzigo kwenye bodi watu wanadhani ni kutafuta nafasi tu. Ni nyenzo kubwa ile! Mfano nautoa kwa gari dogo la ekseli mbili ili hesabu iwe nyepesi, gari tupu lina tani 3 mbele na tani 3 nyuma, kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 5. Umepakia tani 8 na katikati ya mzigo iko mita 1 mbele ya ekseli ya nyuma. Ya mbele inabeba 8 mara 1 gawanya 5, tani 1.6, ya nyuma inabeba 6.4. Jumla nyuma 9.4. Ekseli moja yenye tairi nne kikomo chake ni tani 10, uko salama. Sasa mzigo ule ule kilo zile zile, uupange ukae nusu mita tu nyuma zaidi. Mbele inapata tani 0.8 na nyuma 7.2, ukijumlisha na tatu za gari ni 10.2. Umezidisha, na hujaongeza hata roba moja. Ukifika mizani ya Vigwaza au Mikese unaanza kubishana mzigo wangu ni tani 8 nina karatasi, na karatasi ni ya kweli kabisa, ila mizani inapima ekseli kwa ekseli pamoja na jumla. Suluhisho ni kusogeza mzigo mbele nusu mita, jua kali, turubai limeshafungwa, kamba zimeshakazwa. Ni bora uipige hiyo hesabu ghalani kabla ya kufunga.

Na sio faini tu. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele kunanyanyuliwa, usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele zinakosa kushika lami hasa ukianza kupanda. Vitu vizito na vidogo kama saruji na vyuma ndo vinaleta hii shida zaidi maana havijazi bodi, kwa hiyo unaweza kuvirundika popote na ukaona gari halijajaa.

Mwisho nataka niongelee Kitonga, ule mlima wa kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, maana kila kitu nilichosema kinakutana pale. Mlima wenyewe ni mteremko, mashine rahisi, na zile kona zote ni kuirefusha barabara ili kila mita moja ya kwenda juu uilipie kwa mita nyingi za kwenda mbele. Chukua mlima wa asilimia 7, yani unapanda mita 7 kila mita 100, na gari la tani 50. Asilimia 7 ya tani 50 ni tani 3.5, hiyo ndo nguvu inayokuvuta kurudi nyuma muda wote. Injini ya nguvu za farasi 420 ni kilowati 309 hivi, gawanya kwa newtoni 35,000 unapata mita 8.8 kwa sekunde, kilomita 32 kwa saa, na hapo hatujatoa msuguano wa tairi wala gia. Ndo maana malori yanatambaa pale na madereva wa magari madogo wanapiga honi. Hakuna dereva anayependa kutambaa ndugu zangu, namba ndo inakataa. Gia ndogo inafanya kazi ile ile ya bomba la whili spana, injini inazunguka sana, tairi linazunguka kidogo, nguvu inakua.

Likizimika kwenye mlima utingo anaruka na kabari. Gogo lililochongwa upande mmoja umelala upande mwingine umesimama, linasukumwa mpaka liguse tairi kwa nyuma, na gari likijaribu kurudi lenyewe ndo linalikandamiza chini lishike lami zaidi. Jiwe la mviringo halifanyi hivyo, linabingirika au linarushwa. Kabari mbili ziwe karibu na mlango, sio chini ya mizigo.

Kushuka ndo kugumu. Magari ya shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandarini yanashuka pale yakiwa yamejaa. Zile tani 3.5 sasa zinakusukuma mbele, na lazima kitu kizizuie. Ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa, newtoni 35,000 mara mita 16.7 kwa sekunde, hizo ni kilowati zaidi ya 580 zinazotakiwa kumezwa muda wote unaoshuka. Breki ya injini ya lori la kawaida inameza kilowati mia na kitu mpaka mia mbili na kitu. Zinazobaki zote zinaenda kwenye breki za tairi na zinageuka joto. Ukishuka kwa kilomita 20, ni kilowati 194, injini inaweza kuibeba karibu yote na mguu wako ukagusa breki mara moja moja. Gari lile lile, mlima ule ule. Ukitaka kujua joto lenyewe ni kiasi gani, tani 50 zikishuka kimo cha mita 300 zinatoa megajuli 150, inatosha kuchemsha zaidi ya lita 450 za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Zikilundikwa zote kwenye madramu ya breki, dramu linatanuka kwa joto, linaikimbia bitana inayolisugua, na bitana yenyewe ikipata moto sana inapoteza kushika. Pedali inakuwepo, upepo wa breki upo, ila gari halisimami.

Kwa hiyo gia inachaguliwa juu kabla hujaanza kushuka. Sio katikati. Katikati gari likishapata kasi injini na gia haziendani tena, ukitoa gia ili uingize ndogo yake inakataa, unabaki nyutro na hapo umepoteza ile breki pekee ambayo haichoki. Simama juu, angalia upepo umejaa, sikiliza kama kuna paipu inavuja, shika gia ndogo, anza. Kuzima injini au kutembea nyutro eti kuokoa mafuta usijaribu kamwe, na kwa injini za kisasa hata hiyo mafuta haiokoi, maana ukishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta kompyuta inayakata yenyewe.

Ukifika chini Ruaha Mbuyuni pumzisha gari, pita kila tairi, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Likiwepo moja lenye joto kuliko wenzake, breki yake inashika peke yake au imeng'ang'ania, na likiwepo moja la baridi kabisa hilo halifanyi kazi na wenzake wanalibebea mzigo, yote mawili yanahitaji fundi kabla ya safari kuendelea. Na usimwagie maji dramu la moto, chuma kikipoozwa ghafla kinapasuka, liache lipoe na upepo.